Mi ndo mashoto wa kambi

Shikamooni wakubwa, mambo vipi wadogo zangu.

Wiki ya tano hii naamka saa kumi alfajiri kwenda kuangushwa. Walioniona kwenye status ya WhatsApp nimevaa gi, ile nguo ya judo, wameniuliza sana, dada umerudi mchezoni? Sijarudi. Nina miaka 34, nina mtoto wa darasa la pili, nina cherehani mbili Kariakoo na oda za sare za shule zinanisubiri, mechi zangu nilishazimaliza zamani. Nimeitwa kwenye kambi ya judo kwa kitu kimoja tu, natumia mashoto.

Ngoja nieleze vizuri.

Mi nimekulia Tanga kwa bibi mzaa mama, na bibi alikuwa hataki kabisa kuona mkono wa kushoto unaingia kwenye sinia. Alikuwa anasema mkono wa kulia umeitwa wa kulia kwa sababu ndo wa kulia chakula, huo mwingine una kazi zake na kazi zake unazijua. Nikisahau ananifunga ule mkono kiunoni na kipande cha kanga, nakula hivyo hivyo mpaka sinia linaisha. Hakuwa na ubaya, alikuwa anaogopa watu watasema mjukuu wake hakulelewa. Basi nikajifunza kula kwa kulia, kuandika kwa kulia, kupokea na kutoa kwa kulia, ila kwenye kila kitu kinachotaka nguvu mwili unarudi wenyewe kushoto, kuvuta ndoo ya kisima kushoto, kurusha jiwe kwenye embe kushoto, na siku ya kwanza naingia judo hapa Dar nina miaka 17 nikaikamata kola ya mwenzangu kwa kushoto bila hata kuwaza. Kocha akanitazama. Nikajua nimekosea, nikautoa mkono haraka. Akaniambia rudisha. Rudisha hapo hapo ulipokuwa umeshika.

Sijawahi kusahau lile neno.

Sasa mwezi wa nne nipo dukani nakata vitambaa simu inaita, naangalia, kocha. Shikamoo kocha. Marahaba mama, hamjambo huko, mtoto hajambo? Hatujambo. Hivi mkono wako bado ni ule ule? Nikamwambia kocha, mkono nao unabadilika? Akasema basi njoo uwasaidie wadogo zako, huku sina hata mtu mmoja wa mashoto, wakitoka nje wanakutana nao kwa mara ya kwanza wanaduwaa.

Macho ya kambi yapo Glasgow, Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2026, Julai 23 mpaka Agosti 2. Safari hii Glasgow wamepunguza michezo mpaka ikabaki 10 tu na judo imo, yani kuna michezo mingapi imekatwa na sisi tumebaki, ukikaa ukafikiria hilo tu unapata nguvu ya kuamka. Majina ya watakaopanda ndege bado, kwaiyo kila aliyepo kambini anafanya mazoezi kama mtu ambaye tiketi yake ipo mfukoni. Mimi na vijana wengine watatu wanne tu ndo tunajua kabisa kwamba hatuendi popote. Kazi yetu ni kucheza kama wapinzani watakaokutana nao huko.

Kwa asiyejua judo, na najua mpo wengi maana hata mtaani kwangu Mbagala wananiita dada wa karate. Judo hakuna ngumi wala teke. Ni mieleka ya Kijapani, aliianzisha Jigoro Kano mwaka 1882 pale Tokyo, mnavaa nguo nzito ya pamba inaitwa judogi, mnashikana nguo, na unatakiwa umuangushe mwenzio chali kwa nguvu, kwa kasi na kwa kumtawala. Ukiweza hivyo inaitwa ippon na mechi imeisha hapo hapo hata kama ndo sekunde ya sita. Mechi ni dakika 4. Unaweza pia kumbana chini mgongo ukiwa umegusa, sekunde 20 ni ippon, au kumkaba shingo au kumkunja kiwiko mpaka agonge kusalimu amri.

Kila kitu kinaanzia kwenye mshiko. Mtu wa kulia anashika kola ya mwenzake kwa mkono wa kulia na mkono wa gi kwa kushoto. Mkikutana wa kulia wawili mnaingiliana vizuri tu kama milango miwili ya kabati, kila mmoja anapata chake. Ila akija mtu wa mashoto mambo yote yanageuka, zile mikono mbili za kola zinakuja upande mmoja zinagombania njia moja, mabega yanakaribiana, na ule mkono wa gi unaotaka kuukamata unaukuta upo mbali, umefichwa nyuma huko, unaunyooshea mkono anauvuta, unanyoosha tena anauvuta. Wajapani wenyewe wameipa jina, kenka yotsu, na hiyo kenka maana yake ugomvi. Ni ugomvi kweli. Na wakati wewe bado unatafuta mkono wa gi refa anakuhesabia, ukionekana unakwepakwepa huna shambulizi anakupa shido, yani onyo, shido tatu umetolewa, unarudi nyumbani hujaangushwa hata mara moja.

Huwezi kulisoma hilo kwenye vidio. Tumeangalia klipu mpaka simu zimejaa, kocha anasimamisha picha anaonyesha kidole, unaona bega lake linaanzia wapi? Wote wanaitikia wanaona. Wakisimama kwenye tatami, mikeka ya judo, na mimi hawaoni.

Yupo mdogo wangu mmoja, jina siandiki, wa uzito wa chini ya 57, katoka Unguja. Zanzibar kwa judo wametutangulia muda mrefu, yule Mjapani Tsuyoshi Shimaoka alianza kuwafundisha tangu miaka ya 90 na mpaka leo ukipangiwa na mtu wa kule unajiandaa mara mbili. Huyu dogo ana seoi nage nzuri sijawahi kuona kwa msichana hapa nyumbani. Seoi nage ni ile unageuka unaingia chini ya mtu unambeba mgongoni unamtupa mbele. Anaingia kama paka anapita chini ya meza. Wote kambini anawatupa, hata wavulana wa 66 anawatupa wakizubaa.

Siku ya kwanza na mimi hakupata hata moja.

Randori, yani mazoezi ya kupambana kama mechi, sita za dakika nne nne, hajapata. Kila akigeuka mkono wangu wa kushoto upo pale pale kwenye kola yake juu ya kifua unamzuia kama komeo, na ule mkono wangu wa kulia anaoutaka simpi. Raundi ya tatu akaanza kukasirika, ya tano akaanza kuingia ovyo nikamtupa mimi, mara mbili, mtu wa miaka 34 ambaye asubuhi yake alikuwa anashona mifuko ya kaptula. Alipotoka akaenda kukaa kwenye kona karibu na ndoo ya maji amejifunika taulo kichwani. Nikaenda nikakaa nae. Hakuinua uso. Akasema, wallahi dada, miye huyu mtu simuoni, nakuona we upo hapa lakini mkono siuoni.

Nikamwambia hata mi watu wa kulia walinichukua miezi, tofauti ni kwamba mi nilikuwa nazungukwa na nyie kila siku. Wewe ndo leo umeniona.

Basi kuanzia hapo kocha akatupangia nusu saa ya peke yetu kabla ya wengine kuja. Ndo maana ya saa kumi alfajiri, natoka Mbagala Rangi Tatu giza bado, na mwezi wa tano na mvua zile mnajua hali ya barabara ilivyokuwa. Hiyo nusu saa hatutupani kabisa. Ni vidole tu. Tunasimama tunagombania mshiko dakika moja, tunaachia, tunaanza tena. Ukitazama kwa mbali unaona wanawake wawili wanavutana nguo hakuna kinachoendelea. Ila kwa karibu ni hivi, anatanguliza kushoto kwake sio kwenye kola tena, anatanguliza chini, anagusa kifundo changu cha mkono cha kulia kwa migongo ya vidole kama mtu anayepapasa swichi gizani, akishakigusa tu hakiangalii, macho yapo kifuani kwangu, vidole vitatu vya mwisho vinakunja kitambaa cha mkono wa gi pale mwisho, kidole gumba hakifanyi kazi, anakunja hivyo anavutia chini kwenye paja lake. Hapo ndo ananiumiza, maana hapo mkono wangu umefungwa. Nikahisi kabisa kanga ya bibi.

Vidole vyetu sasa hivi vyote vina plasta. Kitambaa cha gi kinakula ngozi ya juu ya vifundo vya vidole mpaka panabaki pekundu, unafunga plasta, jasho linaitoa, unafunga tena. Dukani wateja wananiuliza umeungua? Kushika sindano imekuwa shida kwaiyo kazi za mkono zote nimempa binti ninayefanya nae.

Halafu saa kumi na mbili na nusu wengine wanafika na inaanza nagekomi, na hapa sasa ndo kutupwa kwenyewe. Kila mmoja ananitupa mara 10 kwa raundi, raundi 5, na huwa napangiwa watatu. Fanya hesabu, 150 kwa asubuhi moja. Kitu cha kwanza unachofundishwa kwenye judo kabla hujafundishwa kuangusha ni kuanguka, ukemi, unapiga mkono chini kabla mgongo haujafika, kidevu umekibana kifuani, pumzi unaitoa. Ukiifanya vizuri inalia paa kama mtu kapiga meza, na huumii. Ya 100 huumii. Kuanzia kama ya 120 hivi mwili unachoka kupiga mkono kwa wakati, unachelewa kidogo tu, hapo unaisikia kwenye nyonga na kwenye meno.

Nasema hivi sio kwa kutaka huruma. Nataka mtu anayeangalia mechi ya dakika 4 ajue kwamba ule mtupo mmoja aliouona, mtu mwingine alishaubeba mgongoni mwake mara elfu. Yule anayeanguka ana kazi ya kumwambia mtupaji ukweli. Nikianguka kirahisi kwa kumhurumia namdanganya, ataenda kule mtu hatamuangukia. Nikikaza kila mara hajifunzi mtupo unavyokuwa ukikamilika. Inabidi nimpe kwa kiasi, leo namwachia asilimia kadhaa kesho napunguza, namsikiliza mguu wake umeingia wapi, na akiingia vizuri kweli nainuliwa nataka nisitake, na namwambia hapo hapo nikiwa bado chali, hiyo, hiyo hiyo, rudia.

Kuna kitu kingine nilichokuwa sikijui kama kitakuwa na faida. Mi nilicheza enzi za yuko, ile alama ndogo. Waliifuta 2017, ikarudi 2025. Sasa hawa wadogo wengi wamekua kwenye judo isiyo na yuko, wanaanguka kwa ubavu wananyanyuka wanaendelea kama hakuna kilichotokea, au wanabanwa chini sekunde tano sita wanatoka wanafurahi. Hapana. Sekunde 5 sasa hivi ni yuko, 10 waza-ari, alama ya kati, 20 ippon. Mechi ikiisha hivyo yule mwenye yuko moja ndo mshindi. Nimekuwa nikiwahesabia kwa sauti kila wakiwa chini, moja, mbili, tatu, mpaka nikaanza kuitwa dada saa.

Tulipata mtihani wiki ya pili. Ukumbi tuliokuwa tunatumia, sitautaja, walikodisha kwa sherehe bila kutuambia, tumefika alfajiri tunakuta viti vina vitambaa vya dhahabu na maua, tatami zetu zimepangwa nje chini ya mti na usiku kulikuwa na mvua. Tatami inayolowa ndani sio kitu cha kuanika jua likatosha, inanuka na inakuwa nzito na ikikauka inajikunja pembe. Hakuna aliyepiga kelele. Kocha alisimama akaziangalia kama dakika nzima, kisha akavua viatu akabeba ya kwanza kichwani. Tukabeba wote, wa kutaka kwenda Glasgow na sisi wa kubaki, tukazipeleka kwenye darasa la shule ya jirani waliotukubalia kwa wema tu, tukasogeza madawati, eneo likawa dogo hata mita sita kwa sita halifiki wakati eneo la mechi ni mita 8 kwa 8 mpaka 10 kwa 10. Mazoezi yakafanyika. Zile zilizojikunja pembe zinaacha nafasi katikati na dogo mmoja wa kiume kidole chake cha mguu kikaingia humo kikavunjika. Kidole kidogo tu, lakini wiki mbili nje, kwenye muda kama huu. Hilo linaniuma mpaka naandika hapa. Mtu anaweza kupoteza safari ya maisha yake kwa upana wa kidole kati ya mkeka na mkeka, kwa sababu ya maua ya siku moja.

Baadae nikaleta turubai zito tukalitandika juu tukalivuta likakaza, nikalipiga ringi pembeni tukalifunga kamba. Limesaidia. Ndo faida ya kuwa na fundi cherehani kwenye kambi. Gi nazo nazishona mimi, magoti yanachanika kila siku na makwapa. Za mechi sizigusi, zile zina sheria zake, kola upana wake na unene wake vinapimwa, mikono lazima ifike kwenye kifundo, kuna kifaa wanakuingizia kwenye mkono wa gi kuangalia nafasi iliyobaki, ikibana unaambiwa kabadilishe. Na lazima uwe nazo mbili nyeupe na ya bluu zenye nembo ya shirikisho la dunia, bei yake kwa kweli ni mshahara wa mtu. Tunazo chache. Zimekunjwa kwenye begi hakuna anayezivaa, ila nimeshawaona usiku wanalifungua wanaziangalia, pale mgongoni pana nafasi ya kubandika jina na chini yake TAN.

Kuhusu kilo. Hili nitaongea wazi kwa sababu nililipitia. Uzito unapimwa siku moja kabla ya mechi, na asubuhi ya mechi wanaweza kuita wachache kwa kura wakawapima tena, hutakiwi kuzidi asilimia 5, yani kwa 57 usivuke kilo 59.85. Dogo wetu kwenye mizani ya kambi alisoma 58.6. Kilo moja na nusu na kitu sio nyingi kwa anayejua, lakini mtu akaja na ushauri wake wa kukimbia na mfuko wa nailoni ndani ya sweta. Dar es Salaam hii? Na unyevu huu? Nilikataa mbele ya watu wote na sikujali naonekanaje. Mi nilifanya ule ujinga nikiwa na miaka 21, nilifika uzito, nikalala nimekauka midomo imepasuka, siku ya mechi nikainuliwa kama kapu tupu, miguu haipo. Nikaangushwa na msichana niliyemzidi kila kitu.

Tumekaa nae, mimi na mama anayetupikia. Mama huyo hana cheti cha lishe lakini ana akili. Chapati za asubuhi zimeondoka, chai sukari kidogo, mchana ugali nusu ya ule wa kawaida na samaki na mchicha, jioni matunda na uji mwepesi, maji anakunywa kama kawaida. Kilo inashuka taratibu, juzi 57.9. Na kocha amemwambia ikionekana inamnyima nguvu atamsogeza 63 na hakuna aibu. Hiyo ndo busara ninayoipenda kwa mzee yule.

Watu wanasema judo Tanzania iko wapi jamani. Mwaka 2024 Olimpiki ya Paris tulikuwa na wanamichezo 7 tu nchi nzima, na kwenye ile boti mtoni Seine, mvua inanyesha, aliyeshika bendera pamoja na muogeleaji Sophia Latiff alikuwa Andrew Thomas Mlugu. Mcheza judo, uzito wa 73. Tulikuwa tumejazana kwenye sebule ya mwenzetu Temeke TV ndogo, boti yetu ikapita sekunde chache mno, tulipiga kelele majirani wakaja kuuliza kuna nini. Nilikuwa na mwanangu mapajani. Akauliza mama ule mchezo wako ndo ule? Nikamwambia ndo huo.

Na Simbu mwaka 2025 Tokyo, Alphonce Simbu, bingwa wa dunia wa marathoni, kilomita 42 afu anamshinda Mjerumani kwa sehemu ya sekunde mpaka wanaangalia picha. Hakuna aliyesema marathoni Tanzania iko wapi siku ile.

Mfano ninaowapa wadogo kila siku ni Kosovo. Nchi ndogo, watu hawafiki milioni mbili, imetoka vitani, na kwenye mji mmoja tu unaitwa Peja kuna klabu ya kocha Driton Kuka. Majlinda Kelmendi katoka humo akachukua dhahabu Rio 2016 uzito wa 52, medali ya kwanza kabisa ya Olimpiki kwa nchi yao. Olimpiki ya Tokyo wakarudi na dhahabu mbili, Distria Krasniqi 48 na Nora Gjakova 57. Klabu moja. Mtu anaweza kusema ni bahati au ni damu, mi naangalia zile kilo, 48, 52, 57, naona mabinti watatu waliokuwa wanatupana wenyewe kwa wenyewe kila siku kwa miaka. Gjakova hakuhitaji kusafiri kutafuta mtu wa kiwango cha dunia, alikuwa anamkuta asubuhi kwenye tatami anajifunga mkanda.

Ndo maana mi naomba, na naomba kwa heshima zote kwa wanaopanga bajeti, mnapohesabu kambi msihesabu wanaoenda tu. Nchi kubwa zikienda kwenye mashindano makubwa zinasafiri na watu wa kufanyia mazoezi, wana vyumba vyao na chakula chao, kazi yao kutupwa asubuhi ya mechi. Sisi hatuombi ndege. Kijana wa kubaki akipewa nauli ya daladala na sahani ya chakula sawa na mwenzake, atakuja kila siku, na asipokuja yule wa kwenda atafanya mazoezi na hewa. Kuna wiki nimeona kijana mzuri sana wa kilo 81 ameacha kuja, namuuliza, anasema dada nauli ya kwenda na kurudi ndo hela ya unga nyumbani. Namba yake haikujazwa na mtu. Wa 81 anayewania nafasi amebaki anafanya na wa 73.

Kano aliacha maneno mawili ambayo kocha kayaandika kwa chokaa ubaoni kwenye lile darasa, la pili ni jita kyoei, kustawi pamoja wewe na mwenzako. Walimu wa shule wamefuta ubao wote wameliacha hilo.

Sasa ya jana.

Jana kwenye randori ya mwisho dogo wa Unguja kaanza kama kawaida, kagusa kifundo cha mkono, kakunja vidole vitatu, kavutia pajani. Mkono wangu umefungwa. Nikajua anataka seoi nikakaza nyonga kuisubiri. Hakuingia. Akanisukuma nyuma hatua moja kwa mguu, ouchi gari, ile ya kufyeka mguu kwa ndani, sio ya kuniangusha, ya kunifanya nirudishe uzito mbele, na nikaurudisha, mwili ulifanya wenyewe, na wakati naurudisha yeye alishageuka yupo chini yangu. Sikumwachia chochote. Naapa sikumwachia. Niliona madirisha ya darasa, kisha dari, kisha ubao, mgongo ukafika wote kwa pamoja na mkono ukalia paa.

Kimya. Wengine walikuwa wamesimama kuangalia.

Nikiwa chini nimemwambia hiyo, hiyo hiyo. Na yeye bado kashikilia mkono wangu wa gi, hakuuachia, maana ndo inavyotakiwa umlinde mwenzio, akaniinamia machozi yanamtoka anasema nimeuona dada, nimeuona mkono.

Kocha akasema rudia.

Karudia mara nne jioni ile, mbili nimemzuia. Kesho saa kumi alfajiri tena, na keshokutwa anakuja kijana wa mashoto wa 73 kutoka Tanga nimemtafuta mwenyewe kupitia binamu yangu, nauli yake tumechangishana. Gi yangu bado mbichi nimeitundika dirishani, feni inaielekea, na mwanangu ameshalala na mkanda wangu kiunoni.